Bomba au Boksi

Mtaani wananiita Tupa. Si tupa ya kutupa takataka, ni ile ya fundi, kile chuma chenye meno madogo cha kulainishia vyuma vingine. Kuna wanaosema ni kwa sababu nashinda nayo mkononi, na kuna wanaosema ni kwa sababu ya ulimi wangu. Wote wamepatia. Nina hasira za karibu, sifichi, na nasema mapema ili mtu asije akadai nilimficha.

Mimi na mdogo wangu tuna chumba kimoja kwenye ukumbi wa maduka, kati ya fundi saa na mshona mapazia. Tunatengeneza sigara za umeme. Mdogo wangu anakaa mbele, kwenye kaunta ya kioo, anapiga soga na wateja, na wasipokuwepo anapiga gita. Wakiwepo pia anapiga, Mungu amsamehe. Jina lake limeshakuwa hilo hilo, Gita. Mimi nakaa nyuma yake, hatua tatu tu, kwenye meza yenye jiliwa la kubania vyuma, taa ya shingo ndefu na lenzi ya kukuzia.

Sasa nisikilize vizuri, maana bila hili hutaelewa damu ilimwagika kwa nini. Sigara ya umeme ina vipande viwili. Chini ni mwili unaobeba betri. Juu ni kichwa, chenye koili na pamba, kinachochemsha majimaji yawe mvuke. Vichwa vina aina zake. Kuna vyenye tangi la kioo, unajaza asubuhi unasahau mpaka jioni. Kuna vya wazi, unadondoshea matone mawili matatu, unavuta, unadondoshea tena, kazi ya watu wasio na kazi. Wewe penda unachopenda. Mimi naangalia kitako, pale kichwa kinapofungwa kwenye mwili kwa nyuzi za skrubu. Katikati ya kitako kuna pini ya shaba, ndogo kama punje ya mchele. Pini nyingine imesimama, imechomoza nje ya nyuzi. Nyingine imelala, iko sawasawa na nyuzi.

Tofauti yenyewe haizidi unene wa kucha, na ndiyo inayoua. Mwili wa boksi, ule wa mraba wenye mitambo ndani, una mlango wake wa kufungia kichwa, wenye pini ya springi inayopanda kukifuata kichwa, kwa hiyo humo pini iliyolala haina neno. Lakini mwili wa bomba, lile bomba tupu la chuma lenye kitufe chini, hauna mlango. Betri inakutana na kichwa uso kwa uso. Funga humo kichwa chenye pini iliyolala, betri itagusa pini na nyuzi kwa pamoja. Ukibonyeza kitufe ni shoti, na umeshika bomu mdomoni. Ndiyo maana ukutani, juu ya jiliwa, nimeandika kwa rangi nyekundu: BOMBA AU BOKSI? ULIZA KWANZA.

Mwaka juzi Gita alimuuzia mtu kichwa cha pini iliyolala bila kuuliza. Yule mtu akaondoka. Dakika kumi baadaye Gita akakumbuka, akanyamaza, akaendelea na gita lake kama hakuna kitu. Mimi nikaja kugundua nusu saa baadaye, nikatoka mbio mpaka kituo cha mabasi, nikamkuta mteja bado amesimama, sigara yake mfukoni. Bahati ilikuwa yake, maana kweli alikuwa na bomba. Niliporudi dukani nilimtandika Gita kofi mbele ya wateja wanne. "Hilo la kutouliza!" Nikamgeuza, nikamtandika la pili. "Na hili la kunyamaza!" Mtu mzima, ana ndevu, alilia. Tangu siku ile, kichwa chochote kikirudi na kasoro, macho ya ukumbi mzima yanamwangalia yeye, na yeye mwenyewe anaanza kuomba radhi kabla hajaambiwa kosa.

Basi ile Jumanne, saa nne asubuhi, akaingia Cheche.

Cheche ni mchomeleaji wa mageti, mtaa wa nyuma. Ni mtu mkimya, salamu yake ni kuinua kidevu. Grili ya mlango wetu aliichomelea yeye. Siku hiyo shati lake lilikuwa na damu kifuani mpaka tumboni, na kwa jinsi alivyokuwa anatembea nikajua si yake. Alivuta grili nyuma yake, akaibana komeo kwa ndani. Akaweka kitu juu ya kaunta. Lilikuwa bomba la sigara, limepasuka kwa urefu kama ganda la mhogo, na kichwa chake chenye tangi lililobaki vipande.

"Nani kati yenu?" akauliza.

"Karibu kaka, kuna nini tena?" Gita akasema, na tabasamu lake la kibiashara.

Cheche alimshika kisogo akamshindilia uso kwenye kaunta. Kioo kikapasuka. Alipomwinua, pua ilikuwa imehamia upande na vipande vya kioo vinang'aa kwenye ndevu. Nilipiga kelele, "Ala! Wewe una wazimu?" nikachukua bisibisi, nikamrukia. Alinipiga kwa kiwiko bila hata kugeuka, kikanipata chini ya titi, nikakaa chini bila kupenda, pumzi zimekata.

"Mke wangu," Cheche akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayeagiza misumari dukani. "Leo asubuhi. Ameweka mdomoni, amebonyeza, limelipuka. Meno saba. Nimeyaokota mimi, moja moja, kwenye sakafu ya jikoni. Ulimi umekatika nusu. Wamempeleka kupasuliwa, na daktari hasemi kama atapona. Wiki iliyopita kichwa hiki kililetwa hapa. Nani aliyekishika?"

Gita alikuwa anatema damu. Akanitazama, halafu akatazama yale maandishi mekundu ukutani. Nilimwona anatafuta kichwani mwake na hapati kitu, maana anahudumia watu arobaini kwa siku na kichwa chake ni ungo.

"Labda ni mimi," akasema. "Nisamehe kaka. Huwa nasahau kuuliza."

Jamani! Mtu anakubali kosa asilolikumbuka! Ni mimi niliyemzoesha hivyo.

Cheche alimburuta mpaka kwenye meza yangu. Alifungua jiliwa, akachukua mkono wa kushoto wa Gita, ule wa kubana nyuzi za gita, akaingiza vidole viwili, cha kati na cha pete, akazungusha mpini mpaka chuma kikashika nyama. Gita akaanza kusema, "Kaka, kaka, kaka," hivyo tu, upesi upesi. Nje fundi saa na mshona mapazia walikuwa wanatikisa grili na kupiga mayowe. Grili ya Cheche haitikisiki.

"Subiri!" nikasema. Nilikuwa nimejishika kwenye mguu wa meza, nimesimama. "Nipe niangalie. Nitakuambia ni kosa gani na ni la nani. Mimi ndiye fundi hapa."

"Angalia," akasema. "Ukinidanganya, nazungusha."

Nikachukua kile kichwa, nikakiweka chini ya lenzi, nikavuta taa. Nia yangu ilikuwa moja tu, nione pini imesimama, niseme kosa ni la betri, niokoe vidole vya mdogo wangu. Nikafuta masizi kwa kidole gumba. Pini ilikuwa imelala. Na haikulala yenyewe. Ilikuwa imelazwa kwa tupa.

Mimi nina shoto. Anayepiga tupa kwa mkono wa kulia huacha mikwaruzo inayolala upande mmoja, mimi yangu inalala upande wa pili. Halafu nina kawaida yangu, nikimaliza napitisha mkwaruzo mmoja wa kukatiza, wa kuondoa ukingo. Sikufundishwa na mtu, ni mazoea tu. Na pale chini ya lenzi, pembeni ya masizi, ilikuwepo mikwaruzo ya shoto, na mkwaruzo mmoja umekatiza.

Ndipo nikamkumbuka. Mwanamke mpole, ana mwanya, kichwa cha sigara amekifunga kwenye leso. Gita alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa nimetoka kugombana na mteja mmoja jeuri, mori umenipanda. Yule mama akasema, "Dada, hiki kichwa changu kinaacha mwanya kikifungwa. Nataka kilale." Mwili wa sigara hakuja nao. Nikageuza kichwa, nikaona tangi kubwa la kioo. Tangi kama lile watu wote huliweka kwenye boksi. Wa bomba hutumia vichwa vya kudondoshea. Nilijua, na kwa sababu nilijua sikuuliza. Nikakibana kwenye jiliwa, mgongo wangu chini ya maandishi yangu mwenyewe, nikapiga tupa mara sita na ya saba ya kukatiza, nikamrudishia. "Sasa kitalala," nikamwambia. Akacheka, akanishukuru.

"Haya," Cheche akasema. "Umeona nini?"

Nilifungua mdomo. Nasema ukweli hapa, sina pa kuuficha. Nilimwona Cheche, nikaona ile mikono yake, nikaona damu ya mke wake kifuani, na nikaogopa. Mimi Tupa, mwenye ulimi, ninayewatandika wanaume makofi mbele ya wateja, niliogopa. Kitu fulani kibaya ndani yangu kikasema, mdogo wako ameshakubali.

"Bado naangalia," nikasema.

Cheche akazungusha mpini.

Sauti ya mfupa haikuwa kubwa, lakini niliisikia mpaka kwenye meno. Gita hakupiga kelele mara moja. Alivuta pumzi ndefu, macho yakamtoka, kisha akalia kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mtu, akaning'inia pale kwenye jiliwa. Kidole cha kati kilikuwa kimevunjika.

"Ni mimi!" nikasema. "Cheche, ni mimi! Mwachie, ni mimi!"

"Unamkinga ndugu yako."

"Simkingi! Mimi ndiye niliyelaza ile pini!"

"Kila dada angesema hivyo." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mpini. Akauzungusha tena, na kidole cha pete nacho kikaenda.

Nikamshika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikaning'inia nao. "Wewe ni mtu wa chuma!" nikamwambia. "Unajua tupa! Angalia mikwaruzo ya pale, kisha nipe jiliwa langu nipige nyingine mbele ya macho yako. Kama si mkono uleule, tuue wote wawili. Lakini nipe jiliwa, siwezi kubana kitu kwingine!"

Halafu akainamia lenzi, akatazama sana, kama afanyavyo fundi, kichwa amekiinamisha upande. Alipoinuka alilegeza mpini. Gita akaanguka sakafuni, mkono ameukumbatia.

Mdomo wa jiliwa ulikuwa na damu. Niliufuta kwa shati langu, nikabana kichwa kipya, nikachukua tupa. Kiwiko cha kushoto nikakibana kwenye mbavu, pale aliponipiga, maumivu yakauweka mkono sawa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Na wa saba, wa kukatiza. Sikuufikiria ule wa saba, ulitoka wenyewe.

Cheche akaviweka vichwa viwili bega kwa bega chini ya lenzi. Niliona shingo yake inajaa mishipa.

"Mkono gani?" akauliza.

"Huu."

Akauchukua, akauingiza wote, vidole vinne, kama alivyomfanyia mdogo wangu, ila polepole zaidi. Sikukataa. Alizungusha mara ya kwanza nikauma kola ya shati. Mara ya pili kucha ya kidole cha shahada ikapasuka katikati, damu ikaruka kwenye taa, nami nikamtukana mama yake, baba yake na mkunga aliyemzalisha.

Hapo ndipo Gita alipoinuka. Sijui alitoa wapi nguvu, vidole viwili vinaning'inia, pua imevunjika. Alichukua gita kwa mkono mmoja, akaliinua juu, akamshushia Cheche kichwani kwa nguvu zake zote. Gita likasambaratika, nyuzi zikalia. "Mwachie dada yangu!" akapiga kelele. "Mwachie dada yangu, shenzi!"

Cheche aliyumba. Damu ikamshuka sikioni. Akageuka, akamkamata Gita koo kwa mkono mmoja, akamwinua kwenye ukuta mpaka viatu vikaacha sakafu, na nikaona uso wa mdogo wangu unageuka rangi. Mimi nimebanwa pale kwenye jiliwa, siwezi kufika. Nikakumbuka kitu nilichokiona kwenye lile bomba na sikukitilia maanani, kwa kuwa nilikuwa natafuta alama za mkono wangu tu.

"Cheche!" nikasema. "Matundu yako wapi?"

Hakugeuka.

"Matundu ya kupumulia! Kila bomba lina matundu chini, matatu au manne, betri ikichemka hewa ipate pa kutokea. Bila matundu halichomi tu, linapasuka. Hilo halina hata moja. Nani alitengeneza bomba lisilo na matundu?"

Huko nje waliacha kutikisa grili. Unene wa lile bomba ulikuwa uleule wa vyuma vya grili yangu, na chini, karibu na kitufe, kulikuwa na ua dogo limechongwa kwa mkono.

"Nilimtengenezea mimi," Cheche akasema. "Siku yake ya kuzaliwa. Nililing'arisha wiki nzima."

Vidole vyake vikalegea. Gita akateleza ukutani mpaka chini, anakohoa.

"Alisema kuna mwanya," Cheche akasema. Alikuwa anaongea na lile bomba. "Nilikosea kipimo kidogo. Nikamwambia apeleke kichwa kwa fundi wakilaze."

Alikuja kwenye jiliwa, akazungusha mpini kinyume, akanitoa mkono, taratibu kabisa. Akaokota bomba lake, akafungua komeo, akapita katikati ya watu. Hakuna aliyemgusa. Baadaye nilisikia alikwenda moja kwa moja hospitalini, akakaa nje ya chumba cha upasuaji na lile bomba mapajani, na mke wake akapona, ingawa mpaka leo maneno yake anayaandika kwenye daftari.

Fundi saa alikimbia kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Mshona mapazia akaenda kuleta vitambaa. Tulibaki mimi na mdogo wangu sakafuni, tumeegemea kabati, kati ya vioo na vipande vya gita. Nilichukua pamba yetu ya koili, nikamfunga vidole vyake kwa mkono wangu mzima, na meno. Alikuwa anatabasamu, mjinga yule.

"Umeniona lakini?" akasema. "Nimempasulia gita kichwani."

"Nimekuona, mdogo wangu."

"Na mimi nilidhani ni mimi. Wallahi nilishakubali. Kumbe wewe." Akacheka kidogo, akaguna kwa maumivu. Halafu kicheko kikaisha. Nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, polepole, hatua kwa hatua, na safari hii kichwa chake hakikuwa ungo. Akatazama ile taa, bado inawaka juu ya lenzi.

"Dada. Uliponiambia bado unaangalia. Ulikuwa umeshaona?"

Ningeweza kusema hapana. Hakukuwa na shahidi. Lakini alikuwa ameshanivunjia gita lake.

"Nilikuwa nimeshaona," nikasema.

"Kabla hajazungusha?"

"Kabla."

Nilingoja anipige, na nilitaka anipige, niligeuza kabisa shavu upande wake. Yeye akanyanyua mkono wake mmoja mzima, akautazama, akaurudisha mapajani.

"Mimi sina mkono wa kupoteza," akasema. "Jipige mwenyewe."

"Nini?"

"Jipige. Kama ulivyonipiga."

Watu walikuwa wameshaingia, mshona mapazia amesimama na vitambaa vyake, wengine wamejaa mlangoni. Niliinua mkono wa kulia, nikajitandika kofi, kwa nguvu, mpaka sikio likapiga mluzi. Machozi yakanitoka mbele yao wote.

Mdogo wangu akatikisa kichwa.

"Hilo la kutouliza," akasema. "Bado la kunyamaza."